Filamu bubu tatu za dakika ishirini: uanze na Keaton, Chaplin au Laurel na Hardy?

Jibu la mwenye haraka: anza na One Week ya Buster Keaton. Kama sebuleni mko wengi, na nusu yao wameshaanza kunung'unika kwamba hawataki sinema za kale zisizo na rangi, wawekee Big Business ya Laurel na Hardy. The Immigrant ya Charlie Chaplin iache kwanza. Ina siku yake. Najua hapo nimeshachokoza watu, kwa sababu kwa wengi wetu Chaplin ndiye filamu bubu yenyewe, na ukimweka wa mwisho ni kama umemvunjia heshima mzee wa ukoo. Nina sababu zangu.

Zote tatu ni fupi, dakika 19 hadi 25 hivi, kutegemea nakala uliyopata na kasi inayochezeshwa. Wakati wake hazikupimwa kwa dakika bali kwa rili, na kila moja ni ya rili mbili. Rili ilibeba futi 1,000 hivi za mkanda. Zote zilitengenezwa California: The Immigrant mwaka 1917, One Week mwaka 1920, Big Business mwaka 1929. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziingiza zote kwenye orodha yake ya filamu za kuhifadhiwa, ya Laurel na Hardy mwaka 1992, ya Chaplin mwaka 1998, ya Keaton mwaka 2008. Hiyo ni heshima kubwa, ila haikusaidii kuchagua. Hakuna mtu aliyewahi kucheka kwa sababu filamu imo kwenye orodha.

Kinachosaidia zaidi ni malalamiko. Nimezitazama hizi na watu wa rika mbalimbali, na lawama hurudi zile zile. Kwa One Week: "Huyu jamaa mbona hacheki?" Kwa Big Business: "Sasa hawa wanagombania nini?" Kwa The Immigrant: "Kwenye meli patamu, kule mgahawani panachosha." Kila lawama ina ukweli ndani yake, na ukiifuatilia inakuonyesha filamu imeundwaje, pengine kuliko sifa zote wanazomwagiwa wakongwe hawa.

One Week: "Huyu jamaa mbona hacheki?"

Hacheki kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa tangu utotoni. Keaton alizaliwa Kansas mwaka 1895, akakulia jukwaani katika kundi la familia lililoitwa The Three Keatons, ambako baba yake alimrusha na kumburuta mbele ya watazamaji. Mtoto yule aligundua mapema kwamba akicheka yeye, ukumbi unapoa. Akikaza uso, watu wanavunjika mbavu. Uso huo mkavu ndio alioingia nao kwenye filamu. Mtazamaji mgeni humwona kama mtu asiye na hisia, na wengine humkatia tamaa hapo hapo. Mvumilie kidogo. Baada ya muda unaanza kusoma macho yake, mabega yake, na ile namna anavyosimama kulitafakari tatizo kwa makini sana kabla ya kulifanya kubwa zaidi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Bwana na bibi harusi, bibi akichezwa na Sybil Seely, wanazawadiwa kiwanja na nyumba. Nyumba yenyewe imo ndani ya makasha: vipande vya mbao vyenye namba na karatasi ya maelekezo. Hili si jambo la kubuni. Wakati ule Wamarekani waliagiza nyumba kwa katalogi, kampuni ya Sears ikiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa, na vipande vikafika kwa treni. Sasa kuna mwanamume aliyekataliwa na bibi harusi. Anachukua rangi, anabadilisha namba kwenye makasha, anaondoka zake. Maharusi wanafuata maelekezo kwa utii wote, na kinachosimama ni nyumba iliyopinda kila upande, yenye mlango wa ghorofani unaofunguka kwenye hewa tupu.

Shemeji yangu ni fundi wa ujenzi. Mwanzo hakucheka, alikuwa anakagua. Ukuta ulipopinduka akasema kwa masikitiko, "Hapo hakuna lenta." Paa lilipovuja akauliza nani alikuwa msimamizi. Ila siku ya wageni ilipofika, Ijumaa tarehe 13 kwa kalenda ya filamu, dhoruba ikaipiga nyumba nzima ikaanza kuzunguka na wageni ndani, watu wakirushwa nje mmoja mmoja na Keaton akijaribu kuruka kuingia mlango unaompita, shemeji aliteremka kwenye kochi. Anayejua nyumba inavyopaswa kusimama ndiye anayecheka kuliko wote. Nadhani hapo ndipo nguvu ya filamu hii ilipo: inachekesha kwa vitu. Ngazi, kamba, zulia, piano, kila kitu kinafanya kazi yake kwa uaminifu, ila mahali pasipo pake.

Na nyumba inazunguka kweli. Waliijenga juu ya jukwaa la kuzunguka, wala si ujanja wa picha. Keaton anapofungua ule mlango wa ghorofani na kutumbukia, anaanguka yeye mwenyewe, na aliumia. Mikono ilimvimba baada ya siku ile ya kazi. Kuna pia tukio la ukuta unaomwangukia huku yeye akisalimika kwa kuwa amesimama penye nafasi ya dirisha. Miaka minane baadaye, katika Steamboat Bill, Jr. ya 1928, alilirudia kwa ukuta mzito wa kuua mtu. Ukishaona One Week, ile ya baadaye inakutisha zaidi, kwa sababu unajua alilifikiria siku nyingi.

Kitu kingine ambacho wengi hawakisemi: bibi harusi hapa ni mtu. Anapigilia misumari, anasukuma, anakasirika, anasamehe. Katika vichekesho vya purukushani vya wakati ule mwanamke mara nyingi alikuwepo ili agombaniwe tu, na yule mshindani aliyebadilisha namba anaonekana kufikiri hivyo hivyo. Seely na Keaton wanaonekana kama mke na mume waliooana jana na hawana fundi. Lipo tukio moja ambapo bibi harusi anaoga kwenye beseni, sabuni inamponyoka, na kabla hajainuka kuifuata mkono wa mtu unafunika lenzi ya kamera. Nawaambieni mapema wale wenye wakwe sebuleni. Hakuna kinachoonekana, na ni mzaha mzuri sana, lakini sekunde zile mbili zinaweza kuwa ndefu.

Udhaifu wake? Yule mshindani anafifia. Baada ya kufanya ubaya wake, hadithi haimhitaji tena sana, na mtazamaji anayependa kuona mwovu akilipwa atabaki na kiu. Pia robo ya kwanza, kabla ya ujenzi kuanza, inakimbia kwenye magari kwa mizaha ambayo haihusiani sana na nyumba. Mwisho sitausema. Una reli na treni ndani yake, umepangwa kwa hatua mbili, na mtu akikusimulia amekudhulumu.

Big Business: "Wanagombania nini?"

Hawagombanii kitu, na ndiyo raha yake.

Stan Laurel na Oliver Hardy wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba, kwenye jua la California. Wanabisha hodi kwa mzee mmoja mwenye masharubu, James Finlayson, hataki. Anafunga mlango, tawi la mti linanasa. Wanabonyeza kengele ili wautoe. Anafungua, anafunga, koti linanasa. Wanabonyeza tena. Ingekuwa ni watu wazima wenye akili zao, jambo lingekwisha hapo. Badala yake Finlayson anatoka na mkasi wa bustani, anaukata ule mti vipande, na kutoka hapo hadi mwisho ni kuharibiana mali tu: wao wanabomoa nyumba yake, yeye anabomoa gari lao.

Kinachoifanya iwe zaidi ya fujo ni kanuni moja isiyosemwa. Mmoja akiharibu, mwingine anasimama anatazama. Hamzuii. Anasubiri amalize, anatazama hasara, anatikisa kichwa, kisha anakwenda kwa utulivu kufanya zamu yake, yenye hasara kubwa kidogo. Laurel anaharibu kwa adabu kama fundi aliyeitwa. Hardy anajishika tai, anatuangalia sisi kana kwamba tutatoa ushahidi. Askari naye anafika mapema, anakaa kwenye gari lake, anatoa kijitabu na kuanza kuandika. Anaandika na kuandika. Piano inatolewa nje na kukatwa kwa shoka, yeye anaandika.

Hapa watazamaji hugawanyika kweli kweli. Wapo wanaocheka hadi machozi, na wapo wanaoumia. Mama mmoja jirani yetu alishika kichwa kwenye ile piano: "Jamani, si wangempa hata mtu!" Simlaumu. Ukiwa umehangaika miaka kununua kabati, kuona nyumba nzima ikivunjwa dirisha baada ya dirisha si jambo jepesi. Ila niseme pia kwamba sijaona filamu inayoeleweka haraka na wazee kama hii. Waliowahi kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, ambapo mmoja alikata mgomba na mwingine akalipa kwa kung'oa mihogo, wanamjua Finlayson kwa jina lake la mtaani. Wanacheka kabla mzaha haujafika, kwa sababu wanajua unakuja.

Kitu cha pili kinachoisaidia ni umri wake. Mwaka 1929 sauti ilikuwa imeshaingia kwenye sinema, na filamu bubu zilikuwa mwishoni mwa safari yao. Waliokuwa bado wanazitengeneza walikuwa wameshaijua kazi barabara. Aliyeongoza ni James W. Horne, msimamizi Leo McCarey, studio ni ya Hal Roach. Picha ni safi, kamera inakaa karibu na nyuso, na hakuna haraka. Watu wakifikiria filamu bubu hufikiria watu wanaokimbia kimbia. Hapa vichekesho vyote viko kwenye kusubiri. Asiyewahi kuona filamu bubu hata moja hashangai sana akiona hii.

Roach mwenyewe alipenda kusimulia kwamba siku ile walibomoa nyumba siyo, mwenyewe akarudi akakuta vifusi. Laurel alikanusha: nyumba ilikuwa ya mfanyakazi wa studio na walipatana naye. Hadithi ya Roach ni tamu zaidi, ndiyo maana inasimuliwa hadi leo.

Udhaifu wa Big Business ni kwamba haina mahali pa kwenda zaidi ya kuongezeka. Ukiitazama peke yako usiku, dakika ya kumi na mbili unaweza kujikuta umeshika simu. Inahitaji watu, inahitaji yule mmoja anayecheka kwa sauti mbaya ili wengine wafuate. Na wanawake wanaonekana mlangoni mwanzoni tu, basi.

The Immigrant: "Mgahawani panachosha"

Nianze na sababu ya kuiweka ya mwisho. Chaplin kila mtu anamjua kabla ya kumwona. Kofia, fimbo, masharubu yale, suruali pana. Amechorwa kwenye fulana na kuta za vinyozi. Mtazamaji anafika akiwa ameshaamua: ama anampenda kwa heshima, ama amemchoka bila kumtazama. Wote wawili hawaangalii filamu. Keaton na Finlayson hawana mzigo huo, unawakuta wakiwa wageni. Ukishazoea namna filamu hizi zinavyopumua, ndipo unaweza kumtazama Chaplin kama mtu anayefanya kazi, na anaifanya kazi kwelikweli.

Sasa ile lawama. Filamu ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni meli iliyojaa wahamiaji wanaokwenda Marekani, ikiyumba vibaya. Kamera ilibembezwa na chumba cha kulia kikajengwa juu ya kitu kinachosukika, kwa hiyo watu wanateleza na sahani zao kutoka upande hadi upande. Kila mtu anacheka hapa, hata mtoto wa miaka minne. Nusu ya pili ni mgahawa, watu wawili mezani, maharage, na sarafu moja. Mwendo unapungua ghafla.

Sababu ni namna ilivyotengenezwa. Chaplin aliuanza mgahawa kwanza, bila hadithi kamili, akipiga picha na kutafuta kichekesho kiko wapi. Henry Bergman alikuwa mhudumu, kisha Chaplin akambadilisha akamweka Eric Campbell, jitu lenye nyusi za kutisha, kwa sababu alihitaji mtu wa kuogopwa. Meli ilikuja baadaye, ili kueleza wale wawili mezani wametoka wapi. Alichoma zaidi ya futi 90,000 za mkanda ili apate filamu isiyofika futi 2,000. Edna Purviance, binti anayekaa naye mezani, inasemekana alikula maharage mengi kwenye marudio hadi akaugua. Studio ya Mutual ilikuwa imempa Chaplin mkataba wa dola 10,000 kwa wiki juu ya dola 150,000 za kusaini, mwaka 1916, na pesa hiyo ilimnunulia kitu ambacho wenzake wengi hawakuwa nacho: muda wa kukosea.

Ukijua hivyo, mgahawa unabadilika. Charlie ameokota sarafu nje, ameagiza chakula, amemkuta binti wa kwenye meli, amemwalika naye ale. Kisha anaona wahudumu wakimpiga mteja mmoja vibaya kwa sababu alipungukiwa senti 10. Anapapasa mfuko. Mfuko umetoboka. Kutoka hapo kila kinachotokea ni kuhusu mtu aliyekula asichoweza kulipia, akitabasamu mbele ya mgeni wake huku jitu likisubiri bili. Sarafu inaonekana sakafuni, mhudumu anaikanyaga. Inapatikana, mhudumu anaing'ata, inapinda, ni bandia. Anatokea msanii tajiri, anajitolea kulipa, Charlie anakataa kwa adabu, msanii anasisitiza, Charlie anakataa tena kwa adabu, na msanii, loo, anakubali. Sijui kama kuna tukio la kuchekesha linaloeleweka zaidi na sisi tuliofundishwa kukataa chakula cha watu mara mbili kabla ya kunawa mikono.

Wanaosema panachosha wanasubiri mtu aanguke. Hakuna anayeanguka, kuna anayeogopa. Ni kicheko cha aina nyingine na wengine hawakitaki usiku wa Jumamosi. Ni haki yao.

Kwa mtu anayeishi ughaibuni, hata hivyo, mpangilio wangu unapinduka. Kama uko Muscat, Minneapolis au Birmingham, na uliwahi kusimama kwenye foleni ya uhamiaji ukiwa umeshika makaratasi kwa mikono miwili, anza na hii. Maandishi yanatangaza kufika kwenye nchi ya uhuru, wahamiaji wanaitazama Sanamu ya Uhuru kwa macho makubwa, na papo hapo maofisa wanavuta kamba na kuwasukuma nyuma yake kama mifugo. Charlie anaigeukia tena ile sanamu, safari hii kwa jicho la pembeni. Kisha anampiga ofisa mmoja teke la makalio. Chaplin mwenyewe alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London, aliyefika Marekani na kundi la maigizo la Fred Karno. Stan Laurel alikuwa kwenye kundi hilo hilo. Mwaka 1952, Chaplin alipokuwa safarini kwenda Uingereza, serikali ya Marekani ilifuta kibali chake cha kurudi, na lile teke la 1917 likatajwa na waliomshutumu kwamba haipendi nchi ile.

Ina huzuni pia. Mama wa yule binti anaumwa kwenye meli, na baadaye mgahawani kitambaa chenye ukingo mweusi kinatueleza yaliyotokea, bila hata neno moja la maandishi. Kati ya filamu hizi tatu, ni hii tu inayoweza kukufanya unyamaze.

Bega kwa bega

Maandishi. Filamu bubu zina vibao vya maneno katikati, na hapa ni vya Kiingereza. The Immigrant ina vichache sana, unaweza kuitazama na bibi asiyesoma bila kumsumbua. One Week inataka umsomee mtu sehemu mbili tatu, hasa namba za makasha na habari ya kiwanja. Big Business ina mazungumzo mengi zaidi, na baadhi ya mizaha imo kwenye maneno, kwa hiyo mteue mtu wa kusimulia. Sisi tuliokua na filamu zilizosimuliwa na kina Lufufu na DJ Afro hatuna shida na hilo. Wajapani nao walikuwa na wasimulizi wao wa ukumbini wakati wa filamu bubu, na baadhi yao walikuwa na majina makubwa kuliko waigizaji.

Watoto. Waliozoea Mr Bean wako tayari kwa zote. Wadogo sana hupenda meli ya Chaplin kuliko kitu chochote, kisha wanaondoka. Wa miaka saba au nane kwenda juu, One Week bila kusita. Big Business ina hatari moja: wataiga. Sisemi kwa utani.

Kuanguka na hatari. Keaton anawashinda wote, wala si mashindano. Chaplin anakupa mwili unaocheza dansi kwenye sakafu inayoyumba. Laurel na Hardy hapa karibu hawaanguki kabisa; vitu ndivyo vinavyoanguka.

Kurudia. One Week naiona bora mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza macho yanafuata Keaton na kuikosa nyumba. The Immigrant inakua kila ukiirudia, na mgahawa ndio unaokua. Big Business inategemea umekaa na nani.

Kabla hujabonyeza

Watu wengi wanaosema filamu bubu ni za kipuuzi wameona nakala mbovu, na hapa sitawalaumu hata kidogo. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa kasi ya chini kuliko fremu 24 kwa sekunde za leo. Mkanda ule ukichezeshwa kwa kasi ya sasa bila kurekebishwa, watu wanatembea kama wanakimbizwa na nyuki. Wachekeshaji wenyewe walipenda mwendo wa kasi kidogo, na wakati mwingine walipiga taratibu makusudi ili ukumbini waonekane wepesi, lakini hawakukusudia ule wazimu unaouona kwenye nakala za bure. Ya 1917 ndiyo inayoathirika zaidi. Dalili nyingine za nakala mbovu: nyuso zimekuwa nyeupe hadi huoni macho, vichwa vimekatwa juu, na muziki ni wimbo mmoja wa piano unaozunguka bila kujali kinachotokea. Kwa Keaton, ambaye ana macho tu ya kukuonyesha, nyuso nyeupe zinaua filamu nzima.

Tafuta nakala zilizofanyiwa ukarabati. Filamu za Chaplin za Mutual zimeshughulikiwa na Cineteca di Bologna ya Italia pamoja na Lobster Films ya Paris, na hao hao wameshika kazi za Keaton pia. Marekani, filamu zilizotolewa hadi mwaka 1929 sasa hazina hakimiliki, ndiyo maana zimetapakaa kila mahali. Ukarabati mpya na muziki mpya vinaweza kuwa na wenyewe, kwa hiyo usishangae nakala nzuri ikiwa ya kulipia. Ukikosa, chukua ya bure yenye picha kali na uzime muziki wake. One Week inakwenda na karibu muziki wowote wenye mapigo yasiyobadilika, na watoto wataongeza sauti zao wenyewe wakati wa misumari.

Na ukishapenda mmoja wao, ongeza hapo hapo. Aliyependa One Week aende Cops ya 1922, Keaton akikimbizwa na polisi wa mji mzima, ila mwisho wake ni mchungu. Aliyependa Big Business atafute Two Tars ya 1928, foleni ya magari inayogeuka vita. Aliyekubali mgahawa wa Chaplin ajaribu Easy Street, pia ya 1917, ambako anakuwa askari kwenye mtaa wa wababe na Eric Campbell ndiye mbabe mkuu. Kuna tukio la sindano ya dawa za kulevya, kwa hiyo itazame kwanza mwenyewe kabla ya kuita watoto. Halafu uwe na tahadhari ukianza kuchagua ovyo. Zile filamu tatu za mwanzo nimezitaja pia kwa sababu unaweza kuziweka mbele ya familia ya Kiafrika bila kukunja uso. Nyingi za wakati ule zina mizaha ya kuwadhihaki watu weusi, au wazungu waliojipaka masizi usoni. Hata The Playhouse ya Keaton, ya 1921, ambayo kwa ufundi ni ya ajabu kwa jinsi anavyojaza ukumbi mzima kwa nafsi yake mwenyewe, ina sehemu hiyo. Mimi niliizima pale, nikaimalizia siku nyingine nikiwa peke yangu.